Nani Alipanga Mabeki? Miaka 30 ya Ubishi wa Mashabiki wa Arsenal

Mwanzoni mwa Septemba 2012 mashabiki wa Arsenal walikuwa na furaha ya ajabu kidogo. Timu ilikuwa imecheza mechi 3 za ligi na kufunga mabao 2 tu. Nahodha na mfungaji wao tegemeo, Robin van Persie, alikuwa ameuzwa Agosti ileile, tena kwa Mashetani Wekundu. Kwa hali ya kawaida hapo watu wangekuwa wanatoa povu tu. Lakini hawakutoa. Kwenye mechi hizo 3, yaani 0-0 na Sunderland, 0-0 na Stoke, kisha ushindi wa 2-0 kwa Liverpool pale Anfield, Arsenal haikuruhusu bao hata moja. Na jina lililokuwa midomoni mwa watu halikuwa la mchezaji. Lilikuwa la jamaa mmoja mrefu, kipara, asiyechekacheka, aliyekaa benchi pembeni ya Arsène Wenger. Steve Bould.

Msimu uliotangulia ulikuwa wa aibu. Mabao 49 yaliingia kwenye ligi, yakiwemo yale 8 ya Old Trafford tarehe 28 Agosti 2011, kile kipigo cha 8-2 ambacho mpaka leo shabiki wa United akiishiwa hoja anakitoa mfukoni. Msimu ulipoisha, Pat Rice, msaidizi wa Wenger kwa miaka mingi, akastaafu. Nafasi yake akapewa Bould, aliyekuwa anafundisha vijana wa klabu na kubeba nao Kombe la FA la Vijana mwaka 2009. Mashabiki wakapiga hesabu ya haraka haraka: beki wa zamani kaja, mabao yamekauka, basi kazi ni yake.

Hesabu hiyo ilikuwa na mizizi mirefu kuliko mechi 3. Bould si kwamba alikuwa beki wa zamani tu. Alikuwa sehemu ya ukuta ambao mashabiki wa Arsenal wanauongelea kama wazee wanavyoongelea ng'ombe wao wa zamani.

Ukuta huo ulijengwa na George Graham, aliyechukua timu mwaka 1986. Lee Dixon kulia, Nigel Winterburn kushoto, katikati Tony Adams na Bould, aliyetoka Stoke mwaka 1988. Msimu wa 1990-91 Arsenal ilichukua ubingwa ikiwa imefungwa mabao 18 tu katika mechi 38 na kupoteza mechi 1. Hiyo ni pamoja na kukatwa pointi 2 kwa ugomvi wa Old Trafford. Stori maarufu ya wakati ule ni ya kamba: Graham aliwafunga mabeki wake wanne kamba mazoezini ili wapande pamoja, washuke pamoja, wahamie kulia na kushoto pamoja. Mmoja akichelewa, wenzake wanamvuta. Mshambuliaji akijichanganya kidogo, mikono inapanda juu kwa pamoja, mshika kibendera anainua, kwisha habari. Mtego ule wa kuotea ulikuwa maarufu kiasi kwamba ukaingia kwenye sinema. Katika The Full Monty ya mwaka 1997, wanaume wasio na kazi wanaojifunza kucheza jukwaani wanashindwa kwenda pamoja, mpaka mmoja wao anapowaambia wafikirie mabeki wa Arsenal wanavyopanda. Hapo hapo wanaelewa.

Mashabiki wa timu nyingine waliimba kwamba Arsenal inaboa. Wa Arsenal wakajibu kwa kutunga wimbo wa kusifia ushindi wa bao 1-0, na mwaka 1994 pale Copenhagen walikuwa na sababu ya kuuimba. Parma ya Gianfranco Zola, Faustino Asprilla na Tomas Brolin ilikufa 1-0 kwenye fainali ya Kombe la Washindi, bao la Alan Smith. Timu ya mastaa ikalala kwa kamba.

Sasa angalia kitu kimoja kuhusu miaka ile. Shabiki wa Highbury hakuwa na sababu ya kuuliza nani anafundisha mabeki. Jibu lilikuwa bosi mwenyewe. Graham ndiye aliyekuwa anasimama uwanjani wa mazoezi na kurudia zoezi moja mpaka wachezaji wanachoka kumwona. Swali la "nani" lilizaliwa baadaye, siku bosi alipokuwa mtu mwenye mambo mengine kichwani.

Mtu huyo alikuja Oktoba 1996. Graham alishafukuzwa Februari 1995 kwa skendo ya pesa za usajili, Bruce Rioch akapita msimu mmoja, halafu akatua Mfaransa mwembamba wa miwani ambaye Waingereza wengi hawakuwahi kumsikia. Wenger hakuuvunja ukuta. Akabadilisha vyakula, akaleta mazoezi ya kunyoosha viungo, akawaongezea wazee wale miaka ya kucheza, na akawapa ruhusa ya kuupiga mpira kama watu wa mpira. Mei 1998, siku Arsenal inatwaa ubingwa kwa kuichapa Everton 4-0, bao la mwisho alifunga Adams, beki. Pasi ya kumwinulia alipewa na Bould, beki mwenzake. Kwa mtu aliyeijua Arsenal ya kamba, ile ilikuwa kama kumwona mlinzi wa geti akicheza piano.

Msimu uliofuata, 1998-99, walifungwa mabao 17 kwenye ligi, machache kuliko hata ya 1990-91, ingawa United ilichukua kombe kwa tofauti ya pointi 1. Na ubishi ukaanza rasmi. Kundi moja likasema Wenger anakaa kwenye nyumba aliyojenga Graham. Kundi la pili likasema bila Wenger wale wazee wangeshastaafu. Wote walikuwa na ukweli kidogo, na ndiyo maana ubishi haukuisha. Hata msimu wa 2003-04, timu ilipomaliza ligi nzima bila kupoteza na ukuta mpya wa Lauren, Kolo Touré, Sol Campbell na Ashley Cole, bado wapo waliosema: ngoja tuone.

Miaka hiyo ndiyo Arsenal ilipoingia Dar, Nairobi na Kampala kwa kishindo. Mechi za Uingereza zilianza kuonekana kwa wingi kupitia satelaiti, na ukiingia kibanda umiza unamwona Nwankwo Kanu, aliyefika 1999, halafu Lauren wa Cameroon, halafu Kolo wa Ivory Coast. Watu wakajiunga na timu kwa sababu ya wachezaji wanaofanana nao na mpira unaopendeza. Wengi hawakuwahi kuiona Arsenal ya kamba. Lakini ubishi waliurithi mzima mzima, na wakaukuza.

Mtihani wa kwanza ulikuja 2006, na huu ndio unaostahili kukaliwa chini. Arsenal ilikuwa hoi kwenye ligi, ikamaliza ya 4. Mabeki walikuwa majeruhi mmoja baada ya mwingine. Kwenye mechi kubwa za Ligi ya Mabingwa Ulaya nyuma walipangwa Emmanuel Eboué, Kolo Touré, Philippe Senderos, na kushoto Mathieu Flamini, ambaye kiasili ni kiungo. Kwa macho ya shabiki wa kawaida, ukuta wa kuunga unga. Ukuta huo ukaenda Bernabéu, Real Madrid ikalala 1-0. Ukaizuia Juventus mara mbili. Nusu fainali dhidi ya Villarreal, Jens Lehmann akapangua penalti ya Juan Román Riquelme dakika za mwisho. Jumla mechi 10 mfululizo za Ulaya bila kufungwa, rekodi ya mashindano yale.

Nani kafanya? Mashabiki wakapata jina: Martin Keown. Beki mkorofi wa zamani wa timu alikuwa amerudi klabuni akisomea ukocha, na akawa anasaidia kuwanoa mabeki. Fainali ya Paris tarehe 17 Mei, Lehmann alipewa kadi nyekundu mapema, Arsenal ikaongoza kwa kichwa cha Campbell, kisha Barcelona ikarudisha na kushinda 2-1 ndani ya dakika 15 za mwisho. Baada ya hapo Keown akaondoka. Ukuta ulipoanza kuvuja miaka iliyofuata, sentensi moja ikawa kama sala kwa mashabiki: tungebaki na Keown, haya yasingetokea.

Keown alifanya kazi, na wachezaji wa wakati ule wamemsifu. Lakini sala ile iliruka jambo moja linaloonekana wazi kwenye marudio ya mechi. Kwenye usiku wa Ulaya Wenger alibadilisha umbo la timu nzima. Thierry Henry alibaki peke yake mbele, nyuma yake viungo watano wakajaa katikati, na timu ikakubali kusubiri. Flamini pale kushoto hakuwa anabaki peke yake na winga, alikuwa na mtu mbele yake kila mara. Kwenye ligi, wakiwafungulia wapinzani milango, mabeki haohao walionekana watu wa kawaida tu. Bosi alitaka kuzuia, timu ikazuia. Keown alikuwa mtu sahihi katika wiki ambazo bosi alitaka kusikiliza.

Shabiki hawezi kuliona hilo kirahisi, na si kwamba hajui mpira. Mazoezi yanafanyika nyuma ya uzio. Anachopata ni dakika 90 na picha ya benchi. Bao likifungwa, jina la mfungaji linatokea kwenye skrini. Bao lisipoingia, hakuna jina linalotokea. Kwa hiyo watu wanatafuta uso wa kuuweka pale.

Tunarudi kwa Bould. Mechi ya 4 ya msimu ule wa 2012-13 Arsenal iliishindilia Southampton 6-1, lakini ule ukame wa mabao ukawa umevunjika. Mwisho wa Septemba Chelsea ikaja Emirates ikashinda 2-1, na mabao yote mawili yalitokana na faulo. Oktoba kukawa na kioja cha Reading kwenye Kombe la Ligi, Arsenal ikiwa nyuma 4-0 halafu ikashinda 7-5. Mechi tamu kwa mtazamaji, aibu kwa mtu anayesifiwa kwa kupanga mabeki. Jina la Bould likaanza kupoa. Magazeti ya Uingereza yakaandika kwamba yeye na Wenger hawaelewani, Wenger akakanusha. Mashabiki wakawa wameshachagua upande: Bould anajua kazi ila mzee hamwachii.

Kilichotokea Machi 2013 hakina utamu wa stori za namna hiyo. Baada ya kufungwa 2-1 na Tottenham, Wenger akamweka benchi nahodha wake, Thomas Vermaelen, akawapa nafasi Laurent Koscielny na Per Mertesacker, mmoja wa mbio na mwingine wa kusoma mchezo. Arsenal ikaenda Munich ikaifunga Bayern 2-0 kwao, ikamaliza ligi kwa mechi 10 bila kupoteza na mabao 5 tu ya kufungwa, na kuipita Spurs kwa pointi 1. Ule ulikuwa uamuzi wa kumtoa nahodha. Msaidizi yeyote anaweza kuushauri, lakini anayeubeba mbele ya waandishi wa habari ni mmoja.

Msimu wa 2013-14 ndio unaoeleza kila kitu. Wojciech Szczęsny alimaliza na mechi 16 bila kufungwa na kugawana Glavu ya Dhahabu na Petr Čech. Siku nyingi ukuta ulikuwa mzuri kweli. Halafu Man City 6-3. Liverpool 5-1, mabao 4 ndani ya dakika 20, mawili ya kwanza ya Martin Škrtel, yote kutoka mipira iliyokufa. Chelsea 6-0, siku ya mechi ya 1,000 ya Wenger. Mabao 41 walifungwa msimu mzima, na 17 kati ya hayo yaliingia kwenye mechi hizo 3. Huwezi kusema mabeki hawakufundishwa. Walifundishwa, ila wakubwa walipokuja mbio, viungo walikuwa wote wako mbele na hakuna aliyebaki kuziba. Hilo ni swali la bosi.

Na bosi ndiye mtu ambaye wengi waliona ugumu kumtaja. Wenger alikuwa amewapa ubingwa mara 3, ule msimu wa bila kupoteza, na kwa shabiki wa Afrika Mashariki alikuwa ndiye Arsenal yenyewe. Kumlaumu ilikuwa kama kumjibu baba mezani. Kwa hiyo miaka kadhaa lawama zilipita kwa mlango wa nyuma. "Bould anafanya nini pale?" Kamera ikimwonyesha amekaa kimya na mikono ameikunja, watu wanacheka, wanatengeneza utani. Mtu aliyekaa kimya kwa sababu kazi ya msaidizi ni kukaa kimya akageuzwa katuni ya uzembe. Hii ni moja ya dhuluma ndogo ndogo za mpira, na haijawahi kuombewa radhi.

Baadaye ule mlango wa nyuma haukuhitajika tena. Chaneli ya ArsenalFanTV, iliyoanzishwa mwaka uleule wa 2012, iliwapa mashabiki maikrofoni nje ya uwanja, na kila kipigo kikawa kipindi. Machi 2017, Arsenal ikicheza na West Brom, ndege mbili zilipita angani na mabango: moja linataka Wenger aondoke, lingine linamuunga mkono. Chini ya ndege hizo Arsenal ililala 3-1, na Craig Dawson, beki, akafunga mawili kwa kichwa kutoka kona. Kona zilezile za miaka yote.

Wenger akaondoka 2018. Msimu wake wa mwisho Arsenal ilifungwa mabao 51 kwenye ligi. Akaja Unai Emery, kocha mwenye sifa ya mbinu na video, akambakiza Bould kama msaidizi. Msimu wa kwanza wa Emery ukaisha na mabao mangapi ya kufungwa? 51. Wote waliosema tatizo ni Wenger wakakuna kichwa. Waliosema tatizo ni Bould wakapata nguvu, na kiangazi cha 2019 akahamishiwa timu ya vijana, Freddie Ljungberg akapanda. Ukuta haukupona. Emery alifukuzwa Novemba, na Bould mwenyewe akaondoka klabuni 2021, kimya kimya, baada ya zaidi ya miongo mitatu tangu avae jezi ile mara ya kwanza.

Mtu aliyekuja kuziba alikuwa na historia yake na hayo yote. Mikel Arteta alisajiliwa tarehe 31 Agosti 2011, siku 3 baada ya zile 8-2. Alikuwa uwanjani Anfield siku ya 5-1, bao la kufutia machozi alifunga yeye kwa penalti. Alikuwa uwanjani Stamford Bridge siku ya 6-0. Aliyaona matatizo yale akiwa ndani, akisimama peke yake katikati huku wenzake wako mbele. Alipopewa timu Desemba 2019, alianza na nyuma, na hakumwachia mtu mwingine kazi ya kuamua timu izuie vipi. Gabriel Magalhães akaja 2020, William Saliba akaanza kutumika 2022, Declan Rice akanunuliwa 2023. Msimu wa 2023-24 Arsenal ilifungwa mabao 29, machache kuliko timu yoyote kwenye ligi.

Na bado mashabiki wakapata jina! Nicolas Jover, kocha wa mipira iliyokufa aliyetoka Man City 2021. Kona ikipatikana, Arteta anarudi nyuma, Jover anasogea mstarini na kuelekeza. Gabriel akafunga kwa kichwa kwa Tottenham Septemba 2024, 1-0, bao kutoka kona, na watu wakamshangilia kocha msaidizi kama mfungaji. Wamemchora mpaka ukutani karibu na Emirates. Kwa mara ya kwanza msaidizi anapewa sifa kwa kitu kinachoonekana, maana kona unaiona, unaihesabu, unajua nani kaipanga. Timu pinzani nazo zimerudia malalamiko ya miaka ya Graham: Arsenal inaboa, inasubiri kona.

Kiangazi cha 2025 benchi likabadilika tena. Arteta akamleta Gabriel Heinze, beki wa zamani wa Argentina aliyewahi kucheza Manchester United na aliyecheza na Arteta mwenyewe PSG. Ligi ilikuwa haijaanza, hakuna kona hata moja iliyokuwa imepigwa, na vijiweni swali lilikuwa lilelile: je, mabao yakikauka, tumsifu nani?